Tone la Damu Kwenye Kitambaa cha Mezani

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja jinsi yalivyokuja, shangazi yangu alinivumilia kwa muda mfupi tu. Nilikuwa nikiishi kwake Kaloleni. Yeye aliuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, na kila jioni aliporudi alinikuta nimeketi mlangoni na penseli, nachorachora maua na ndege kwenye kurasa za mwisho za madaftari ya shule. Siku moja alisimama mbele yangu, beseni likiwa bado kichwani.

"Hii kuchora yako itakupeleka wapi?"

Nilifunga daftari.

"Kuna mama anafundisha watu kushona maua kwa kitambaa, pale ukumbi wa kanisa. Jumanne na Alhamisi. Nimekuandikisha. Angalau vidole vipate kazi."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati gugumaji lilikuwa limefunika ghuba yetu hata mashua zikakwama ufuoni na bei ya samaki ikapanda. Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa, chumba kirefu chenye mabati juu na meza mbili ambazo tuliziunganisha. Mwalimu alikuwa mwanamke wa kutoka mkoa wa Kati. Mumewe alikuwa na duka la misumari na rangi mjini. Kijaluo alichokijua kilitosha salamu tu, kwa hiyo darasani tulisema Kiswahili, kila mtu na chake. Alikuwa mkali. Ukimpelekea kazi, aliigeuza kwanza upande wa nyuma, na akikuta nyuzi zimevuka huku na huku alikata zote bila kukuuliza. Pia hakutaka tunakili picha za vitabuni.

"Mimi sijaona waridi likiota hapa Kaloleni," alisema siku ya kwanza. "Shoneni kitu mnakijua."

Aliyelichukua neno hilo kwa uzito kuliko sisi wote alikuwa mjane mmoja aliyeanza siku moja nami. Tulimwita Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, kwa sababu kwao ni karibu na Pap Onditi. Alikuwa ameolewa mbali, mume akafariki, naye akaja mjini na watoto wake wawili kukaa kwa dada yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kusema kidogo. Wakati sisi tulichora vikapu na kuku, yeye alichora gugumaji: jani la mviringo, shina lililovimba, na ua lake la zambarau lenye jicho la manjano. Wanawake walicheka. Mmoja alisema hilo dude limemnyima mumewe chakula, sasa lije mpaka mezani. Mwalimu hakucheka. Aliichukua ile karatasi akaishika mbali na uso, kisha karibu, kisha akaibandika ukutani.

Nilikaa kando yake, na nusu ya ninachokijua leo nilijifunza kwa kumtazama. Alinionyesha jinsi ya kuchanganya nyuzi mbili za rangi zinazokaribiana ili jani lisilale kama limepakwa rangi. Alikuwa na macho makali sana. Darasani kulikuwa na kina mama wawili watatu wa makamo ambao walihangaika kutunga uzi kwenye sindano, na ilikuwa desturi kumnyooshea yeye. Aliulamba uzi ncha, akaubana kwa vidole, akaupitisha mara moja, akarudisha sindano bila hata kuinua kichwa. Hakuna aliyeona ajabu katika jambo hilo.

Kisha kazi kubwa ikaja. Mama mmoja wa Milimani, mke wa afisa wa serikali, alikuwa anamwoza binti yake na alitaka kitambaa cha meza ndefu ya wageni. Aliona mchoro wa gugumaji ukutani akaupenda. Mwalimu alinunua kitambaa cheupe cha pamba na nyuzi kwa fedha zake, akatugawia sehemu. Kona moja tulipewa mimi na Nyar Nyakach: yeye ashone maua, mimi nishone mashina na majani yanayoyashika. Mstari wangu ulianzia pale wake unapoishia.

Maneno yaliletwa na mama mmoja wa darasani aliyeuza mitumba. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, tuliyempenda sote. Alikuwa amekutana na mtu wa kule mume wa Nyar Nyakach alikozikwa. Jumanne moja, kabla ya mjane huyo kufika, alituambia kwamba yule bwana hakufa kwa malaria kama tulivyoambiwa. Aliugua mwaka mzima, akakonda, ngozi ikaharibika. Wazee kule walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. "Lakini nyinyi mmesoma," alisema. "Mnajua jina lake."

Tulilijua. Miaka ile halikutajwa kwa sauti. Ukienda kwenye mazishi ulisikia kifua kikuu, ulisikia tumbo, ulisikia kurogwa.

Mlango ulifunguka na Nyar Nyakach akaingia, akasalimu, akavua viatu vyake kama kawaida. Tuliitikia. Nadhani tuliitikia kwa haraka kuliko siku zote. Alikaa, akavuta kona yetu, akaanza kazi. Baada ya muda mama mmoja wa makamo aling'ang'ana na sindano yake, akaikosa tundu, akaikosa tena. Nyar Nyakach alinyoosha mkono aipokee kama alivyozoea.

"Acha tu," yule mama alisema. "Leo nitajaribu mwenyewe."

Mkono wa Nyar Nyakach ulibaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha mapajani, akaendelea.

Wiki iliyofuata watu walikuja na sindano zao kutoka nyumbani. Mwanzoni tulikuwa tukizichukua kwenye mto mdogo wa mwalimu wa kuchomekea sindano, na jioni tunazirudisha. Sasa ule mto ulijaa sindano zisizoguswa. Viti vya upande wetu vilisogea, kila siku kidogo. Mwalimu aliona. Nilimwona akiona, lakini hakusema neno, na mimi nilimchukia kidogo kwa hilo, kwa sababu na mimi sikuwa na ujasiri wa kusema na nilitaka mkubwa anisemee.

Siku ambayo mambo yalilipuka ilikuwa Alhamisi ya joto kali. Nilisikia Nyar Nyakach akivuta pumzi. Sindano ilikuwa imemwingia ubavuni mwa kidole, na kabla hajaondoa mkono, tone moja la damu lilidondoka kwenye kitambaa cheupe, kati ya ua lake na shina langu.

Mama wa mitumba alisimama, kiti kikakwaruza sakafu.

"Mwalimu, mimi siwezi shika hiyo kitambaa tena."

"Kaa chini," mwalimu alisema.

"Sikai. Niko na watoto. Huyu mama anajua yuko na nini, na anakuja hapa anatulambia nyuzi."

Nyar Nyakach alikuwa amekishika kidole chake kwa mkono mwingine. Hakuinua macho. Mwalimu alizunguka meza akaja hadi upande wetu. Alipofika karibu alisimama, hatua moja mbali, na nikaona kwamba na yeye anaogopa. Kila fundi wa sindano anajua kwamba damu ikiingia kwenye kitambaa, kinachoitoa vizuri ni mate ya mwenye damu, kabla haijakauka. Alikuwa ametufundisha hivyo wiki ya kwanza.

"Chukua uzi mweupe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Uviringe. Utie mate yako. Sugua polepole, usipanue."

Nyar Nyakach alifunga kidole kwa leso. Kisha, mbele yetu sote, akauweka uzi mdomoni, akautoa ukiwa umelowa, akaanza kusugua. Ilichukua muda. Alibadilisha uzi, akautia mdomoni tena, akasugua tena, na machozi yakawa yanamshuka bila sauti hata ikabidi ageuze uso yasidondoke juu ya kazi. Doa lilififia, likawa rangi ya waridi, likatoka. Mahali pale palibaki pamelowa tu.

Mama wa mitumba alikusanya vitu vyake akaondoka. Wengine wanne wakamfuata. Mmoja aliomba radhi mlangoni, sijui alikuwa akimwomba nani.

Nilimweleza shangazi jioni ile. Nilifikiri atanisaidia kujua la kufanya. Alikuwa anachambua omena kwenye ungo, akaacha.

"Damu ilikugusa?"

"Haikunigusa."

"Na mate yake?"

"Shangazi, alisugua kitambaa, hakunisugua mimi."

"Hutarudi huko."

"Kona yetu haijaisha."

"Nimesema."

Alhamisi haikuwa mbali na Jumanne, na Jumanne nilirudi. Shangazi hakunizuia kwa mkono, lakini kuanzia siku hiyo kikombe changu na sahani yangu viliwekwa peke yao, dirishani, na mtoto wake wa mwisho, ambaye alikuwa amezoea kulala mapajani mwangu, aliitwa kila aliponisogelea. Hakunitukana. Aliniandalia chakula kama kawaida na kukisukuma upande wangu. Nilipomwambia kwamba hata daktari redioni amesema ugonjwa hauambukizwi kwa kikombe, alijibu kwamba daktari huyo hali chakula kwake.

Siku ile ya Jumanne tulikuwa wachache sana. Nyar Nyakach alikuja amechelewa. Hakuvua viatu. Alibaki amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti.

"Nataka kusema mara moja tu," alisema. "Mnataka kujua kama niko nayo. Mimi sijui. Mume wangu akiwa hospitali waliniambia nipimwe. Nilikataa. Niliogopa. Bado naogopa, vile nyinyi mnaogopa. Mkitaka nitoke, mtu aniambie hapa, usoni. Sitaki kuona viti vikitembea."

Mama mmoja wa makamo alitazama dirishani. Mimi nilitazama mikono yangu. Mwalimu alivuta kiti, akakiweka karibu na cha Nyar Nyakach, akakaa. Alikaa kwa uzito, kama mtu aliyekubali jambo baada ya kushindana nalo siku nyingi.

"Kila mtu na sindano yake," alisema. "Kila mtu na kastabini yake kidoleni. Ukijidunga, unatoka kwa kitambaa, unafunga kidole, unaendelea. Hiyo ni sheria ya mimi na ya wewe na ya wote. Sasa kaa, kazi iko nyuma."

Nyar Nyakach alikaa. Nilivuta kona yetu. Shina langu lilipaswa kupita palepale penye tone. Palikuwa pamekauka, peupe kabisa, lakini nilipajua kama unavyojua mahali jino linapouma. Nilipoingiza sindano mara ya kwanza nilikosa mstari. Nilifumua, nikaanza upya. Yeye aliona, akajifanya hakuona, na hilo lilinisaidia kuliko neno lolote ambalo angesema.

Tulimaliza tukiwa watu watano badala ya kumi na zaidi. Mwalimu alikifua kile kitambaa mwenyewe kwa maji baridi, akakipiga pasi, na Jumamosi moja asubuhi sisi watatu tukakipeleka Milimani: mwalimu, Nyar Nyakach na mimi. Askari alitufungulia geti. Magari mawili yalikuwa yameegeshwa chini ya miti, na mtu alikuwa akikata ua wa michongoma. Mwenye nyumba alitupokea barazani. Hakutukaribisha ndani. Alikuwa amevaa vizuri, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

Mwalimu alikitandaza kitambaa juu ya meza ya baraza. Yale maua ya zambarau yalizunguka ukingo wote kama yanavyoelea ziwani ukiyatazama kutoka ufuo wa Dunga, na kwa kitambo yule mama alisahau alichotaka kusema. Alinyoosha mkono. Halafu akaurudisha.

"Mwalimu," alisema, "kuna mtu amekuja kuniambia jambo. Kuhusu huyu aliyeshona."

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuja. Tulimjua.

"Ni kweli kulikuwa na damu?"

"Tone moja," mwalimu alisema. "Limetoka. Nimekifua mwenyewe."

Yule mama hakuwa mkorofi, na ndiyo sababu siku ile iliniuma zaidi. Alisema kwa upole kwamba alimzika kaka yake mwaka uliotangulia, kwamba wageni watakula juu ya kitambaa hicho, kwamba wakwe watakuwepo. Atakichukua na atalipa kama walivyopatana. Ila atakichemsha kwanza, na dawa ya kung'arisha nguo.

"Ukichemsha, rangi itatoka," Nyar Nyakach alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Hizi nyuzi hazivumilii moto. Zambarau yote itaingia kwa nyeupe."

"Basi itoke, mama. Nitakuwa na amani."

Nyar Nyakach alianza kukikunja. Mwalimu aliweka mkono juu ya kitambaa.

"Acha," alimwambia. "Ni chake. Amekubali kulipa."

"Atakiharibu."

"Akiharibu ni chake."

Wote wawili walikuwa wamekishika, mmoja huku na mwingine huku, juu ya meza ya watu. Nilijua mwalimu alikuwa ametoa fedha zake mwenyewe na mumewe alikuwa amemsema. Nilijua pia jinsi Nyar Nyakach alivyokifanyia kazi kile kitambaa kwa mikono ambayo watu hawakutaka tena kuisalimu. Mtu wa ua wa michongoma alikuwa ameacha kukata.

"Mwalimu," Nyar Nyakach alisema, bila kupaza sauti, "nilikisugua mbele ya watu. Usiniambie nikiache kichemshwe pia."

Sijui mwalimu alifikiri nini. Alimtazama kwa muda, kisha akaondoa mkono. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Samahani, Mama. Hiki tunarudi nacho. Harusi iwe na baraka."

Tulishuka Milimani kwa miguu, jua kali. Njiani mwalimu alilia kidogo, akafuta uso kwa kitambaa cha mkononi, akasema bwana wake atamwambia yeye si wa kufanya biashara. Baadaye kile kitambaa kiliuzwa dukani kwa mumewe kwa mgeni aliyepita, kwa bei ya chini. Hatukujua kilikwenda wapi.

Nilimsimulia shangazi habari ya Milimani wakati anapika ugali. Hakuinua kichwa kutoka sufuriani. Alipomaliza kusonga aliuliza, "Sasa huyo mama yuko wapi?"

"Kwa dada yake."

"Anakula?"

Nilimwambia sijui. Kesho yake alinifungia omena kwenye gazeti nimpelekee. Kuhusu kikombe changu, kilirudi kabatini pamoja na vingine. Siikumbuki siku, hakikurudi kwa maneno.

Kulipopita kama mwezi Nyar Nyakach aliniomba nimsindikize hospitali kuu. Alisema hawezi kumwomba dada yake, na mwalimu ana duka. Walimtoa damu, wakatuambia turudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo alikuja darasani kama kawaida, akashona, akafumua, akashona tena mahali palepale. Siku ya majibu tuliketi kwenye benchi refu la mbao katika ukumbi wa kungojea, kati ya watu ambao pia hawakutazamana. Aliitwa. Nilibaki na mkoba wake mapajani. Mlango ulikuwa na kioo chenye ukungu, na nyuma yake niliona kivuli cha mtu ameketi, kisha nikaona kivuli kile kimeinama, kikabaki kimeinama.

Alipotoka alikuja akakaa kando yangu.

"Ninayo," alisema.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na vidoleni ulikuwa mgumu kwa sindano, kama wangu.

"Alhamisi nikija," aliuliza baadaye, tukiwa tumetoka nje, "nikae wapi?"

"Palepale."

Aliishi karibu miaka miwili baada ya siku hiyo. Dawa tunazozijua sasa hazikuwepo, au zilikuwepo kwa watu wengine. Nguvu zilipopungua alirudi na watoto wake kwa mama yake karibu na Pap Onditi, na huko alifundisha wasichana wa jirani kushona, akiwa ameketi kwenye mkeka, mpaka akashindwa kukaa. Tulimzika kwao. Mwalimu alikuja na mumewe. Shangazi yangu alikuja pia, akakaa na kina mama wa jikoni tangu asubuhi. Mama wa mitumba sikumwona. Tulikuwa tukisalimiana sokoni, na hata leo sina hakika kama alipata habari za msiba.

Lakini ninapokumbuka wakati ule, mara nyingi ninayoikumbuka ni ile Alhamisi iliyofuata majibu. Alikuja mapema. Mwalimu alikuwa ameandaa mshono mpya, wa fundo dogo linalosimama juu ya kitambaa kama mbegu ya wimbi, na alikuwa ameanza tu kutueleza mvua ilipoangukia mabati. Ilipiga kwa kishindo hata sauti yake ikapotea. Tulingoja, haikupungua. Basi aliinua sindano juu tuione sote, akazungusha uzi mara mbili, akaubana kwa kidole gumba, akashusha sindano taratibu, akatutazama. Nyar Nyakach alijaribu, fundo likafumuka. Nilijaribu, la kwangu nalo likafumuka. Mwalimu alitikisa kichwa, akainua sindano tena, na sisi wachache tuliobaki tukasogeza viti karibu ili tuone vizuri.